Picha Zisifutwe

Kwenye matanga ya Shefu walinikalisha mstari wa mbele pamoja na wazee, na hapo njo nilijua kwamba nimezeeka. Shefu alikuwa mkuu wa sekisio yetu, yaani idara, ya kilimo chuoni, enzi zile mimi ni asistanti wake, msichana wa miaka ishirini na nane mwenye kiburi kingi na mdomo mwingi. Habari za kwetu na za walionizaa naziacha, hazihusiki hapa. Nataka kusimulia mwaka mmoja tu, ule niliokaa Mushaki nyuma ya duka la Mama Kavira nikatengeneza mtihani wa kwenye telefone ambao hakuna mwanafunzi angeweza kuuiba. Nilifaulu. Hakuna aliyeuiba. Na mwanafunzi wangu mmoja, Faustin, aliuawa kwa sababu yake. Nimeyaweka hayo mawili karibu karibu kwa makusudi, maana kwa miaka mingi nilizoea kuyasema mbali mbali, moja kwa watu hawa na lingine kwa watu wale.

Mwaka ule vita vilikuwa vimefunga chuo chetu pale Masisi. Madarasa yalijaa familia zilizokimbia, wanafunzi walitawanyika, wengine Walikale, wengine kwenye kambi karibu na Goma, wengine walibaki milimani kwao juu ya Ngungu. Shefu alisema mwaka hautapotea, tutafundisha kwa telefone. Mushaki kulikuwa na rezo nzuri, mtandao wa telefone usiokatika, na Mama Kavira, mfanyabiashara kutoka Butembo, Mkatoliki wa misa ya kila siku, alikuwa na sahani ya jua juu ya bati. Akanipa depo yake nilale. Kitanda changu kilikaa katikati ya magunia ya maharagi na bidoni za mafuta ya mawese, na nguo zangu zote zilinuka sabuni ya mche. Asubuhi chai ya maziwa, mchana fufu na maharagi, siku ya soko kipande cha fromaji, jibini ya Masisi, ambacho Mama Kavira alikikata kwa uzi. Nilikula vizuri kuliko watu wengi mwaka ule, na nilikuwa naona haya, lakini nilikula.

Kati ya depo na duka kulikuwa na ukuta wa mbao tu, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Watu waliokuwa wanashuka Sake au wanapanda Masisi walisimama kwanza pale, kununua chumvi na betri, lakini hasa kusafisha telefone. Asiyejua mambo ya kwetu nitamweleza. Kila bariere, kizuizi cha barabarani, ilikuwa na wenye bunduki wake, na kila mwenye bunduki alitaka kuona telefone yako. Picha, ujumbe, majina ya watu. Ukipita kwa hawa na kitu kinachonuka wale, umekwisha. Basi kabla ya safari mtu anakaa chini anafuta. Nilimsikia Mama Kavira akiuliza kila mteja, kama vile mwingine anavyouliza habari za watoto: "Umesafisha?"

"Niko nasafisha, Mama."

"Na ile picha ya mujomba wako na kofia ya kijani?"

"Aah! Mungu wangu. Asante, Mama."

Hata mimi nilikuwa nafuta. Niliwahi kufuta picha ya ubatizo wa mtoto wa dada yangu kwa sababu nyuma ya padri alionekana askari akinunua ndizi. Nilijua, yaani. Nisije nikasema sikujua.

Mtihani wa kwanza wa kozi yangu, kozi ya kulinda udongo wa milima usibebwe na mvua, niliufanya kama tulivyozoea darasani: maswali sita, nikayatuma asubuhi, nikataka majibu saa kumi. Saa saba yalikuwa yameshafika yote. Nikafurahi, mjinga mimi. Kisha nikaanza kusoma. Jibu la kwanza zuri, la pili zuri na linafanana, la tatu lilelile na kosa lilelile kwenye mstari uleule. Msichana mmoja aliyekuwa Walikale, ambaye sidhani kama aliwahi kukanyaga Ngungu, aliniandikia kwa uchungu mwingi juu ya "shamba la baba yangu pale Ngungu." Nilicheka mpaka Mama Kavira akaja kuona kuna nini. Shefu hakucheka. Alinipigia akiwa amechemka: "Asistanti, unajua wanatuita nini huko Goma? Wenye diplome ya telefone! Mtoto anaomba kazi, wanamwambia karatasi yako funga nayo mandazi. Utatengeneza mtihani usioibika, ao nafunga sekisio." Na Shefu hakuwa mtu wa kutisha bure.

Wiki ile njo Faustin alifika. Alikuwa ametoka nyumbani kwao juu ya Ngungu jana yake, akalala njiani kwa watu, akaingia dukani na mabuti yenye tope mpaka magotini, lakini shati limepigwa pasi na daftari limefungwa ndani ya plastiki. Mama Kavira alimwekea fufu kabla hajamwuliza jina. Hakugusa chakula. Alisimama mlangoni mwa depo yangu, mrefu, mwembamba, amekasirika kweli kweli.

"Asistanti, mi sikukuja kulomba points. Nimekuja kuuliza kitu moja. Wenye wameiba wamepata kumi na tano. Mi nimepata tisa, na nilifanya peke yangu. Sasa hapo nani anajua udongo?"

"Kaa kwanza, Faustin."

"Nitakaa, lakini unijibu."

Nilimwambia ukweli, kwamba sijui namna ya kumlinda mkweli dhidi ya mwizi kama wote wako mbali na macho yangu. Akakaa juu ya gunia, akala sasa, haraka, na mdomo ukiwa bado umejaa akasema: "Usituulize kitu yenye iko mu vitabu. Utuulize kitu yenye iko mbele ya macho ya kila muntu, penye anaishi. Kilima yangu haiko kilima ya Janvier." Janvier alikuwa mwenzake wa darasa, mtoto wa Walikale ambaye vita vilimkatia njia ya kurudi kwao, akawa anaishi kwa kina Faustin, anakula kwa mama yake, na anacheza karata na jirani wote. Mvivu, mcheshi, mwizi wa mitihani namba moja. Faustin alimpenda kama ndugu na alimnyima majibu kila mara.

Alipoondoka nilianza kazi, na lazima niseme, sijawahi kufurahi hivyo katika maisha yangu ya ualimu. Nilikaa siku nzima juu ya gunia lilelile, kalamu mkononi. Kila mwanafunzi atachagua mteremko wa kwao. Atautembea asubuhi tatu. Atachora karte, ramani ya kilima, kwa mkono: njia za miguu, visima, mifereji, wapi watu wanalima, saa gani wanapita na wapi wanakanyaga udongo mpaka unalegea. Atapiga picha zenye mahali na saa zimeandikwa pembeni na telefone yenyewe. Na ili mtu asitume picha ya mwaka jana au ya mwenzake, kila asubuhi nitamtumia kila mmoja namba yake ya siku, aiandike kwenye karatasi, aishikishe kwenye fimbo, aisimamishe ndani ya picha. Mwisho ataeleza kwa sauti yake. Iba hiyo sasa! Halafu nikafikiria wajanja kama Janvier, wanaojua kutengeneza picha za uongo, nikaongeza sharti la mwisho: picha zote za asili zibaki ndani ya telefone mpaka nitangaze points, nikitaka kuziona nizione. Zisifutwe. Atakayefuta, zero.

Mama Kavira alisoma masharti yale akiwa amesimama, kitenge kimelowa maji ya vyombo. Alisoma polepole, kidole kwenye mstari. Alipofika mwisho akauliza: "Na bariere?"

Nilimjibu vibaya. Nilikuwa nimechoka, nimefurahi, na sikutaka mtu aniharibie. Nilisema, "Mama, weye uza sabuni yako, mi uniache nifundishe." Mama wa miaka yake! Akanirudishia karatasi, akarudi dukani, na jioni akanipikia kama kawaida. Hatukulizungumza tena, wala siku ile wala baadaye. Ningetoa chochote anitukane. Shefu naye aliposomewa masharti kwenye telefone akasema, "Hapo umeniletea mtihani." Nilitembea na maneno hayo siku nzima kifua mbele.

Asubuhi ya kwanza nilituma namba. Faustin alilazimika kupanda mpaka juu kabisa ya kilima chao ili rezo imfikie, na kutoka huko akanitumia sauti. Nyuma yake upepo, na ng'ombe wa mtu. Alikuwa anahema na kucheka pamoja: "Asistanti, mama yangu anasema nimekuwa mwenda wazimu, natembeza fimbo na karatasi mu mashamba ya watu! Lakini leo hakuna mwenye ataniiba. Hakuna." Nilimsikilizisha Mama Kavira. Akatabasamu kidogo, akasema kijana ana heri. Rezo ya kule juu ilitosha kupitisha sauti tu. Picha na karte zisingepita, kwa hiyo siku ya kutuma Faustin na Janvier walishuka kwa miguu kuelekea Shasha, kando ya ziwa, kutafuta rezo yenye nguvu. Kati ya Ngungu na Shasha kulikuwa na bariere iliyokuwa imewekwa juma lile. Sitasema ya nani. Walibadilishana mno, na wafu hawakubadilika.

Siku ya mwisho kazi ziliingia moja moja, polepole, kila moja tofauti na nyingine. Msichana wa Walikale aliandika safari hii juu ya kilima cha mjomba wake, na kumbe alikuwa na akili nyingi. Nilikuwa nasoma na kushangilia peke yangu kwenye depo. Ya Faustin haikuingia. Ya Janvier pia. Nikasema rezo. Kesho yake nikasema rezo tena. Siku iliyofuata, mchana, nilikuwa na sahani ya fufu na sombe magotini niliposikia dereva wa pikipiki akiongea dukani, upande wa pili wa mbao.

"Njia ya Shasha usipite leo, Mama. Wameua mutoto moja ya chuo."

"Yesu. Amefanya nini?"

"Walikuta karte mu telefone. Njia zote za kilima, maji iko wapi, watu wanapita saa ngapi. Na picha ziko na manamba manamba, kila siku namba yake. Wakasema ni mupelelezi, anapelekea wengine alama."

Nilisikia Mama Kavira akifunga mlango wa duka, mchana kweupe, siku ya soko. Akaja kwenye depo, akanitoa sahani mikononi, akakaa karibu yangu juu ya kitanda. Nililia kwa sauti mpaka watu walisimama barabarani. Manamba yale yalikuwa ya mkono wangu. Hata kama ningekuwa mmoja wa wale wenye bunduki, nikaonyeshwa telefone ile, ningeamini ni ya mpelelezi. Nilikuwa nimemtengenezea kila ushahidi waliouhitaji.

Wanawake waliokuwa wanaenda mashambani njo walimkuta, na wanaume wa kilima chao wakamzika hapo hapo kabla wao wenyewe hawajakimbia. Janvier alifika Mushaki baada ya wiki, telefone tupu, midomo imepasuka kwa jua. Aliniambia waliwakamata ghafla, kona ya njia, hawakupata hata nafasi ya kupumua. Telefone ya Faustin ilichukuliwa, yeye Janvier akaachwa kwa sababu ndani ya yake hamkuwa na kitu. Na mimi nikafanya nini? Nikamwuliza picha zake za asili ziko wapi. Kweli, njo nilichomwuliza. Akasema amefuta, kabla hata ya kuondoka nyumbani, na kwamba hata hivyo alipiga moja tu, nyuma ya choo, alishuka kumsindikiza Faustin tu. Nikampa zero. Alikuwa amesimama mbele yangu mzima, na hilo sikuweza kumsamehe.

Mama Faustin alikuja mwishoni mwa mwezi, akiwa na watu wengine waliokimbia Ngungu. Alikuwa mama mfupi, mkulima, mikono mikubwa. Alikaa juu ya gunia kwenye depo, akakataa chai. Nilijiandaa kwa maswali yote, nilikuwa nimeyalalia na kuyaamkia. Aliuliza moja tu: "Alishinda?"

"Alishinda, Mama. Alipata kumi na sita."

Akaitika kwa kichwa, mara nyingi, akishika magoti yake. Alipoondoka nilichukua karatasi ya points, mbele ya jina la Faustin nikaandika kumi na sita kwa wino. Kazi yake sikuwahi kuiona. Shefu alipokutana na jina lile siku ya kutoa matokeo alisimamisha kidole, yeye aliyekuwa anasema hakuna kopi ya majibu hakuna points, akaniangalia juu ya miwani, akasaini. Mtihani wa mwaka uliofuata niliutengeneza upya bila picha, bila karte, bila kukataza mtu kufuta kitu chochote: niliwapigia mmoja mmoja, tukazungumza juu ya udongo robo saa, nikampa points zake. Ulikuwa mtihani mzuri kuliko ule wa kwanza, na ningeweza kuufikiria tangu mwanzo kama nisingekuwa napenda sana kuwashinda wezi.

Mama Faustin hakurudi Ngungu. Alipata kiwanja kidogo Mushaki, akalima maharagi na mihogo, na mimi nilikuwa naenda kumwona kila mwaka, hata nilipohamia Goma, hata nilipoitwa Mama Profesere na watu wasiojua. Nilipeleka sukari, nilikula alichopika, nilisema vita ni vibaya na wale watu hawana moyo. Yote yalikuwa kweli. Habari ya sharti sikuitaja hata siku moja. Nilijiambia haisaidii kitu, kwani walimkamata ghafla, sharti au si sharti.

Basi kwenye matanga ya Shefu mwanaume mwenye kitambi na koti zuri aliinama mbele ya kiti changu. "Asistanti, unaniona? Ni mi Janvier, yule wa zero." Nilimkumbatia. Aliniambia siku hizi yeye mwenyewe anasimamia mitihani kwenye chuo kingine, ya telefone na ya darasani, wanafunzi wanamwogopa. "Mwizi wa zamani njo askari muzuri," nikamtania, akacheka. Halafu akaacha kucheka, akavuta kiti cha plastiki karibu na changu. Watu walikuwa wanaimba, ilibidi aniinamie sikioni.

"Asistanti, haikukuwa gafula. Nilikudanganya. Tulikuwa mu foleni. Mbele yetu kulikuwa wamama na bidoni za mawese, walikuwa wanawapekua moja moja. Tulikuwa na wakati, hata ya kula muhindi. Nikamuambia, Faustin, futa. Akasema, Asistanti alisema tusifute. Nikamuambia, bwana, futa, tutamuelezea. Akasema, mwaka muzima nimengojea hii mutihani, halafu nikuje mbele yake na telefone tupu, kama mwizi? Akaiweka mu mufuko ya shati."

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia siku ile.

"Ulikuwa umenipa zero, nilikuwa na hasira. Kisha nikaona umekonda, nikakuhurumia."

Kesho yake nilipanda Mushaki. Sikununua sukari. Mama Faustin alikuwa jikoni, maharagi motoni, mengine ungoni anayachagua mawe. Macho yake yamefifia sasa, anachagua kwa vidole. Nilikaa kwenye kigoda na nikasema kabla ya salamu kwisha, kwa sababu najijua. Nilisema kulikuwa na sharti, mimi njo niliandika, lilisema wasifute. Nilisema Faustin alipata nafasi ya kufuta na hakufuta kwa sababu yangu.

Vidole havikusimama. "Najua," akasema. "Janvier aliniambia ile wiki alirudi nyumbani peke yake."

"Mama! Na miaka hii yote ulikuwa unanipikia?"

"Nilikuwa nangoja useme. Kila mwaka unakuja, unakula, unasema vita ni mubaya. Mi najiambia, labda leo." Akatupa jiwe dogo nje ya mlango. "Na ile kumi na sita?"

Ningeweza kudanganya. Shefu aliyesaini namba ile amekufa, karatasi haipo tena, hakuna wa kuuliza. Nikamwambia sikuona kazi yake. Telefone haikurudi, points niliandika mwenyewe, siku ile alipokuja kuniuliza.

Hapo vidole vilisimama. Ungo ulibaki magotini, uso umeelekea kwangu lakini si kwangu hasa.

"Nilisema kwa kila muntu kumi na sita," akasema. "Hata kwa kanisa nilisema. Kumbe umemupa." Akaweka ungo chini. "Yeye hakupendaka kupewa."

Alinyanyuka, akaingia chumbani, akarudisha mlango. Nilingoja. Maji ya maharagi yalianza kukauka, nikasikia yanashika chini ya sufuria, nikayaepua. Niliita mara moja, "Mama Faustin," hakuitika. Kwetu mgeni anasindikizwa mpaka njiani, hata yule msiyempenda. Nilishuka peke yangu.